VLC na sauti isiyopatana na picha kwenye skrini ya nje: maoni yangu baada ya kuitumia sana

Kama unachomeka laptop kwenye TV au monita kubwa afu unaona mtu kwenye muvi bado anafungua mdomo na maneno yake yalishatoka kitambo, basi kabla hujaenda kununua waya mwingine au adapta nyingine naomba ufungue VLC kwanza, ile programu ya kucheza video. Nasema hivi kwa sababu naona watu wengi wanahangaika, wanabadilisha waya wa HDMI mara mbili tatu, wanafuta draiva wanaweka upya, wengine wanafikia hatua ya kufomati laptop nzima, na tatizo liko palepale, manake halikuwa kwenye waya wala kwenye draiva. VLC ni ya bure, haina matangazo, iko kwa Windows, Mac, Linux na hata simu, na ina vibonye viwili tu ambavyo kwa tatizo hili vinafanya kazi kuliko vitu vingi vya kulipia. Lakini pia ina mipaka yake na hiyo nitaisema waziwazi, kwa sababu kuna aina ya tatizo ambalo VLC haiwezi kuligusa kabisa.

Tuanze na kazi yenyewe. Video ikiwa inacheza kwenye Windows au Linux, ukibonyeza K sauti inachelewa kwa milisekunde 50, ukibonyeza J sauti inawahi kwa milisekunde 50. Basi. Unabonyeza huku unaangalia midomo, na pale juu ya picha inakuandikia uko milisekunde ngapi. Kwa wenye Mac vibonye ni F na G, G ndo ya kuchelewesha na F ndo ya kuwahisha. Hakuna kusimamisha video, hakuna kufunga programu na kufungua upya, mabadiliko unayasikia papo hapo, ingawa ukibonyeza haraka haraka sauti inaweza kukatika kidogo afu ikarudi, hiyo ni kawaida, we tulia sekunde moja ndo uhukumu.

Sasa, wengi wanabonyeza bila kujua wanaelekea wapi, na hapa ndo nataka nikae kidogo kwa sababu ukielewa hili umemaliza nusu ya kazi.

Picha ikitoka kwenye laptop kwenda kwenye TV haionyeshwi ileile sekunde inapofika. TV ina kompyuta yake ndani, inachukua kila fremu, yaani kila picha moja moja inayounda video, inaisafisha, inaongeza ukali, inapunguza chenga, na zile TV zenye kipengele cha kufanya mwendo uwe laini zinatengeneza fremu za katikati ambazo hazikuwepo kabisa kwenye video, na ili itengeneze fremu ya katikati lazima isubiri fremu inayofuata ifike, haiwezi kukwepa. Kazi yote hiyo inakula muda, na kwenye TV ikiwa kwenye hali ya sinema au ile hali ya kawaida ya kutoka kiwandani muda huo unaweza kuzidi milisekunde 100 kirahisi. Wakati huohuo sauti yako kama bado inatokea kwenye spika za laptop yenyewe, au kwenye hedifoni uliyochomeka kwenye laptop, haipitii TV, kwa hiyo inatoka mara moja. Picha inachelewa, sauti haichelewi, matokeo yake unasikia neno kabla mdomo haujafunguka. Hapo dawa ni K, unachelewesha sauti iisubiri picha.

Upande wa pili ni Bluetooth. Ukiwa umeunganisha spika au hedifoni ya Bluetooth, sauti ndo inayochelewa, kwa sababu inakandamizwa kwanza, inarushwa, inapokelewa, inawekwa akiba kidogo ili isikatike, afu ndo inafunguliwa. Kwa SBC ambayo ndo kodeki, yaani njia ya kukandamiza sauti, ya msingi kila kifaa kinayo, kuchelewa kwa milisekunde 150 hadi 250 ni jambo la kawaida sana. Hapo dawa ni J. Programu nyingi za kucheza video zinajua kwamba sauti inaenda Bluetooth na zinajaribu kufidia zenyewe kwa kuchelewesha picha, ndo maana unaweza kuona video iko sawa lakini ukifungua gemu mlio wa risasi unakuja nyuma, kwa sababu gemu haliwezi kuchelewesha picha kukusubiri.

Afu kuna mchanganyiko wa hivyo viwili, TV inachelewesha picha na Bluetooth inachelewesha sauti, na hapo inaweza kutokea zikakaribiana zenyewe bila we kufanya chochote, siku ukichomoa Bluetooth ukaweka hedifoni ya waya ndo unashangaa mbona imeharibika. Haijaharibika. Ulikuwa umepata bahati.

Kitu kingine kinachosaidia kujua ni kwamba masikio yetu hayalalamiki sawa kwa pande zote mbili. ITU, lile shirika la kimataifa la mawasiliano, kwenye pendekezo lake BT.1359 la mwaka 1998 wameandika kwamba mtu anaanza kugundua tatizo sauti ikitangulia kwa kama milisekunde 45, lakini ikiwa imechelewa anaanza kugundua kwenye milisekunde 125 hivi. Tofauti kubwa sana hiyo. Na ukifikiria inaeleweka, kwa sababu maisha yetu yote tumezoea sauti kuja nyuma, ukimwangalia mtu anakata mti kwa mbali unaona shoka limegonga ndo mlio unafika, sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo umbali wa mita 34 tu tayari ni kama milisekunde 100. Lakini hakuna mahali duniani ambapo mlio unatangulia kabla ya shoka kugonga. Ndo maana yule wa kuunganisha TV na kubaki na spika za laptop anateseka zaidi kuliko wa Bluetooth hata kama namba zao zinafanana. Na ndo maana mi nikirekebisha na VLC huwa nikifika mahali pa kusitasita kati ya hatua mbili nachagua ile inayoacha sauti nyuma kidogo, inasikika vizuri zaidi.

Nije kwenye kupima, kwa sababu kubonyeza kwa kukisia kunachosha macho na baada ya muda unaanza kuona kila kitu kiko sawa kumbe umezoea tu. Mi napima hivi. Nachomeka TV, naweka laptop kwenye hali ya kuonyesha kitu kilekile kwenye skrini zote mbili, nafungua saa ya kuhesabu yenye sehemu za sekunde kwenye brauza, naisogeza laptop iwe mbele ya TV ili zote zionekane pamoja, napiga picha na simu. Ukiikuza ile picha unasoma namba mbili. Kwenye TV moja niliyojaribu skrini ya laptop ilisomeka 14.62 na TV ilisomeka 14.49, yaani TV iko nyuma milisekunde 130, na hiyo ndo namba unayoipeleka VLC. Piga picha kadhaa usiridhike na moja, kwa sababu kuna picha nyingine itaikamata skrini ikiwa katikati ya kubadilika na namba zitakuwa zimepandana hazisomeki, hizo achana nazo. Skrini ya herzi 60 inabadilika kila milisekunde 16.7 kwa hiyo usitegemee usahihi wa chini ya hapo, na wala hauhitajiki.

Ukishapata namba, badala ya kubonyeza K mara nyingi, ingia kwenye menyu ya Tools, afu Track Synchronization, kuna kisanduku cha sauti unaandika namba kwa sekunde, yaani milisekunde 130 unaandika 0.130. Nakipenda hiki kisanduku kuliko vibonye kwa sababu hatua za 50 zina shimo, ukiwa unahitaji 130 unachagua kati ya 100 na 150, si mbaya, ila ukiangalia mtu anapiga makofi kwa karibu utaona. Makofi ndo kipimo changu cha mwisho, sio maongezi. Midomo inadanganya, hasa kama video imetiwa sauti ya lugha nyingine. Tafuta sehemu mtu anapiga makofi, mlango unafungwa kwa nguvu, nyundo inagonga, irudie mara kadhaa.

Hapo VLC napa sifa zote. Sasa kasoro.

La kwanza, marekebisho hayakai. Ukifungua faili lingine inarudi sifuri na unaanza tena. Kwa mtu anayeangalia tamthilia ya vipande vingi inakera kweli. Kuna njia ya kuifanya ikumbuke, unaingia Tools, Preferences, pale chini unachagua kuonyesha setingi zote, afu kwenye kisanduku cha kutafutia unaandika desync, itakuletea sehemu moja ya kuweka milisekunde za sauti, ukiweka pale inatumika kwa kila faili. Inafanya kazi vizuri tu, lakini kwa nini imefichwa huko chini kiasi hicho sijaelewa, kwa sababu mtu mwenye TV ileile kila siku anahitaji namba ileile kila siku, hiki ndo kitu ambacho kingetakiwa kuwa mbele kabisa.

La pili na kubwa zaidi, VLC inarekebisha kile kinachochezwa ndani ya VLC tu. Ukiwa unaangalia video kwenye brauza, ukiwa kwenye mkutano wa video, ukiwa unacheza gemu, haina msaada wowote. Na ukweli ni kwamba watu wengi siku hizi hawana faili za muvi kwenye laptop, wanaangalia mtandaoni, na zile huduma za kulipia video zake zimefungwa huwezi kuzifungulia kwenye VLC. Kwa hiyo hapa lazima uende kwenye TV yenyewe, na kwa kweli hata kama unatumia VLC mi nashauri uanze na TV kwanza.

Chukua rimoti, ingia setingi za picha, tafuta hali ya gemu uiwashe kwa ule mlango wa HDMI ambao laptop imechomekwa. Hali hiyo inazima karibu usafishaji wote wa picha na kuchelewa kunashuka sana, TV nyingi za miaka ya karibuni zinashuka hadi chini ya milisekunde 20, na hapo hakuna sikio la binadamu litakalolalamika. TV ileile ya 130 niliyoisema, nilipowasha hali ya gemu nikapiga picha tena saa zilikaribiana kiasi kwamba tofauti ilikuwa fremu moja hivi, na tatizo lote likaisha kwa brauza, kwa mikutano, kwa kila kitu, bila VLC. Rangi zitabadilika kidogo, zinaweza kuonekana baridi au kali zaidi, unaweza kuzirekebisha kwa mkono. Baadhi ya TV pia zinakuruhusu kubadilisha jina la mlango wa HDMI ukauita PC, na jina hilo sio pambo, TV inalitumia kama ishara ya kupunguza usafishaji na kuonyesha maandishi yakiwa makali bila ukungu. Kama TV yako na laptop yako zote zina HDMI 2.1 kuna kitu kinaitwa ALLM ambacho kinaweza kuiambia TV yenyewe iingie hali ya gemu, ila usikitegemee sana kwenye laptop, we washa kwa mkono.

Kama hutaki kabisa kuacha ule mwendo laini na rangi za hali ya sinema, basi njia nyingine ni kuipeleka sauti nayo kwenye TV kupitia HDMI ileile. Bonyeza alama ya spika pale pembeni kwenye Windows uchague TV kama mahali pa kutolea sauti. TV inajua inachelewesha picha kiasi gani kwa hiyo inachelewesha na sauti yake yenyewe, vinatoka pamoja. Hili ni jambo dogo mno lakini ndo linalotatua kesi nyingi kuliko yote niliyosema hapa, kwa sababu laptop mara nyingi ukichomeka HDMI inabaki kutumia spika zake za ndani na mtu hata hagundui sauti inatokea wapi, hasa kama laptop iko mezani chini ya TV.

Ukitoa sauti kwenye TV ukaipeleka tena kwenye saundiba, ile spika ndefu ya chini ya TV, au kwenye redio kwa waya wa optiko, unaongeza kituo kingine njiani na kuchelewa kunaweza kurudi, safari hii sauti ndo iko nyuma. Angalia kwenye setingi za sauti za TV kama imewekwa kutoa sauti iliyokandamizwa, ibadilishe iwe PCM, yaani sauti isiyokandamizwa, kwa sababu PCM haihitaji kufunguliwa upande wa pili na inafika haraka. Saundiba nyingi zina kipengele cha kurekebisha midomo na sauti, lakini soma vizuri, kipengele hicho karibu mara zote kinaweza kuchelewesha sauti tu, hakiwezi kuiwahisha. Mashine haiwezi kutoa sauti ambayo haijaifikia. Kwa hiyo kama sauti yako tayari iko nyuma, kukizungusha kipengele hicho kutazidisha tu, kiweke sifuri. Kuwahisha sauti ukweli wake ni kuchelewesha picha, na kinachoweza kuchelewesha picha ni programu inayocheza video, na ndo hapa VLC na kile kibonye cha J vinabaki kuwa na thamani ambayo TV na saundiba havina.

Wa Linux nyie mna kitu kizuri cha ziada, programu ya pavucontrol, kwenye sehemu ya vifaa vya kutolea sauti ukifungua pale Advanced kuna kisanduku cha milisekunde kwa kifaa kizima, na inapokea namba chanya na hasi. Hiyo inaziathiri programu zote zinazosikiliza taarifa za mfumo wa sauti, sio kicheza video kimoja. Windows haina kitu kama hicho kwenye setingi zake, na hili mi naona ni pengo kubwa, kwa sababu mtu anayeangalia kwenye brauza na TV yake haina hali ya gemu anabaki kutafuta nyongeza za brauza za kuchelewesha sauti ambazo nyingine zinaomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaoufungua. Kuwa mwangalifu na hizo.

Sasa lile tatizo ambalo VLC haligusi kabisa. Kila nilichosema hadi hapa ni kuchelewa kwa kiasi kilekile kuanzia mwanzo wa video hadi mwisho. Ila kuna kule video inaanza vizuri, midomo na sauti viko pamoja, baada ya dakika kumi tofauti inaonekana, baada ya nusu saa haivumiliki. Huko ni kuachana kidogo kidogo, na ukibonyeza J au K utakuwa unabonyeza usiku kucha. Kwanza jua kama ni faili au ni mashine. Chomoa waya wa skrini ya nje, cheza faili lilelile kwenye laptop yenyewe na spika zake, ruka hadi kwenye dakika ileile iliyokusumbua. Kama hata hapo vimeachana basi faili lenyewe ni bovu, na TV yako haina kosa. Video zilizorekodiwa na simu zinapata sana hili kwa sababu simu inabadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kulingana na mwanga na joto, ukiipitisha kwenye programu ya kuhariri inayodhani fremu hazibadiliki ndo mambo yanaachana. Dawa yake ni kuligeuza faili liwe na fremu zisizobadilika, programu ya HandBrake inafanya kazi hiyo bure, kwenye sehemu ya video kuna chaguo la fremu zisizobadilika.

Kama kwenye laptop peke yake iko sawa na kwenye skrini ya nje ndo inaachana, na ukisimamisha ukaendelea au ukaruka mbele kidogo inajirudi sawa afu inaanza kuachana upya, basi laptop imezidiwa. Angalia matumizi ya prosesa wakati video inacheza. Hapo kwenye VLC ingia Preferences, sehemu ya Input / Codecs, angalia ile inayohusu kufungua video kwa msaada wa kadi ya picha, kama imezimwa iwashe, kama imewashwa jaribu kuizima, kwa sababu kuna draiva zingine za kadi ya picha zinapatana nayo na zingine hazipatani. Kwenye brauza pia kuna swichi kama hiyo ndani ya setingi za mfumo, jaribu pande zote mbili na kila ukibadilisha ifunge brauza uifungue upya.

Na kwenye kuzidiwa huko doki, kile kiboksi cha kuongezea laptop milango ya kuchomekea vitu, ina nafasi yake, na hapa watu hawaambiwi vizuri wanaponunua. Doki ziko za aina mbili. Kuna zinazopitisha picha moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya picha kupitia USB-C, hizo hazichelewi kwa maana yoyote unayoweza kuiona. Na kuna zile zinazotumia USB ya kawaida na zinakulazimisha uweke draiva maalumu, hizo laptop inachukua picha inaikandamiza kwa nguvu ya prosesa, inaituma kama data, na doki inaifungua upande wa pili. Kwa kazi za ofisi zinatosha kabisa, kwa video ya skrini nzima kwenye laptop ya kawaida zinatafuta shida. Kama skrini yako inafanya kazi tu baada ya kuweka draiva ya doki, jua unayo hiyo ya pili, jaribu kuichomeka skrini moja kwa moja kwenye HDMI ya laptop uone tofauti.

Angalia pia skrini inajionyesha upya mara ngapi kwa sekunde. Ukitumia 4K kupitia HDMI 1.4, au waya na adapta vya kizamani, unaishia herzi 30, kila fremu inakaa milisekunde 33 badala ya 16.7, na utaona hata kishale cha mausi kinaburuzika. Kuna watu wanaita hiyo ni sauti na picha kutopatana kumbe ni picha tu nzito. Shusha iwe 1080p kwenye herzi 60 ujaribu, kama inakuwa nyepesi tatizo umelijua.

Wale wa kurusha picha bila waya, kwa hali ya skrini isiyo na waya ya Windows na zinazofanana nayo, mi siwapi moyo sana. Kuchelewa kwake ni kukubwa na kunabadilika kila mtandao wa hewani unapojaa, kwa hiyo hata namba uliyoipima sasa hivi baadaye inakuwa siyo. Kwa muvi hakikisha sauti nayo inaenda TV, visubiriane huko huko, vinakuwa sawa tu. Kwa gemu au mkutano tumia waya.

Kwa ujumla VLC kwenye kazi hii mi naipa nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya ile setingi iliyofichwa. Na ukiitumia hiyo setingi ya kudumu ya desync, kumbuka inabaki hata ukichomoa TV, laptop ikirudi kwenye skrini yake yenyewe sauti itakuwa inachelewa kwa namba ileile uliyoiweka. Kwa hiyo kama laptop yako inachomekwa na kuchomolewa kila siku tumia kile kisanduku cha Track Synchronization kwa kila faili, na ile ya kudumu waachie wenye laptop ambayo haibanduki kwenye TV.